Steve Kerr: mtoto wa Beirut aliyekaa benchi akatoka mwalimu

MWALIMU WA KIKAPU (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Juzi baada ya laasiri mama mmoja kanifuata uwanjani, pakacha la sokoni bado liko mkononi. Akaniambia: "Mwalimu, nauliza kwa heshima. Mwanangu anakuja hapa mara nne kwa wiki, viatu vishakwisha soli, na kila mechi namwona kwenye benchi tu. Kama hafai si umwambie, akasome?" Mwanawe ana miaka 16, mfupi kwa wenziwe, mbio hana, lakini macho anayo. Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa vijana walikuwa wananingoja, na jibu lile halikuniridhisha hata mie mwenyewe. Usiku nikawa najiuliza ningemwambia nini lau ningekuwa na saa nzima ya kukaa naye kitako.

Ningemweleza habari za Steve Kerr.

Wengi humu mnamjua kama kocha wa Golden State Warriors, yule anayekaa pembeni wakati mchezaji wake Stephen Curry anatupia tatu, ule mtupo wa mbali wenye pointi tatu, kutoka nusu ya uwanja. Wachache mnajua kazaliwa wapi. Kazaliwa Beirut, Lebanon, tarehe 27 Septemba 1965. Babu yake, Stanley Kerr, alitoka Marekani kwenda kuwahudumia mayatima wa Kiarmenia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha akabaki Lebanon akisomesha katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Baba yake, Malcolm Kerr, naye kazaliwa huko huko, akawa msomi wa siasa za nchi za Kiarabu. Kwa hiyo Steve kakulia baina ya Beirut, Cairo na Los Angeles. Hao ni watu wa ubao na chaki tangu kwa babu. Sisi huku kocha tunamwita mwalimu, na kwa ukoo ule jina hilo limekaa pahala pake kabisa.

Kama mchezaji kijana, hakuwa na kitu cha kumfanya mtu ageuke kumtazama. Futi sita na inchi tatu, ambazo hapa kwetu ni urefu mkubwa lakini kwa kikapu cha Marekani ni wa kawaida tu. Haruki, hakimbii. Alipelekwa kujaribiwa chuo cha Gonzaga, akakutanishwa na kijana mmoja aitwaye John Stockton, akachezewa mpaka akaonekana hajui mpira. Wakamwambia hana kasi. Likumbukeni jina la Stockton, nitalirudia. Mwisho akapata nafasi ya dakika za mwisho chuo cha Arizona mwaka 1983, kwa kocha mpya Lute Olson, ambaye kakabidhiwa timu iliyoshinda mechi 4 tu kati ya 28 msimu uliotangulia. Huko ndiko kulikokuwa na nafasi ya mtu kama yeye.

Hapa inanipasa niende polepole. Mwaka 1982, Lebanon ikiwa ndani ya vita, baba yake aliukubali urais wa chuo kile cha Beirut. Aliyemtangulia kuiongoza kazi ile alikuwa ametekwa nyara, na Malcolm analijua hilo. Kaenda. Kiangazi cha 1983 Steve alikwenda kumtazama. Uwanja wa ndege ukapigwa mizinga, ikabidi atolewe kwa njia ya nchi kavu kupitia Syria mpaka Jordan. Tarehe 18 Januari 1984 watu wawili wenye bunduki wakamngoja baba mtu nje ya ofisi yake, wakampiga risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 52. Steve ana miaka 18, yuko bwenini Arizona, akaamshwa usiku wa manane na simu.

Siku mbili baadaye timu yake ilikuwa na mechi na chuo kingine, Arizona State. Wakasimama kimya kumkumbuka marehemu, kijana analia mbele ya watu. Kisha akaingizwa, akatupa mtupo wake wa kwanza, ukaingia. Alimaliza na pointi 12, wakashinda.

Nitaendelea baada ya isha inshaallah. Mwenye la kusema aseme.

MPEMBA WA WETE

Waalaykum salaam mwalimu. Uzi mzuri, lakini hapo pa siku mbili pamenikaa vibaya. Kwetu matanga ni siku tatu. Mtoto wa kiume anasimama mlangoni, anapokea watu, anasoma khitma ya baba yake. Huyu kaenda kucheza mpira?

MWALIMU WA KIKAPU

Kaka, na mie lilinikaa hivyo hivyo mara ya kwanza. Lakini mtazame alikokuwa. Baba yupo Beirut, mama yupo Beirut, yeye yuko jangwani Arizona peke yake, hana mlango wa kusimama. Jamaa zake wa karibu wakati ule walikuwa wale vijana wa timu na mzee Olson. Amewahi kueleza kwamba uwanja ndio ulikuwa pahala pekee anapoweza kupumua. Nadhani wale wachezaji ndio waliomkalia matanga, kwa namna yao.

Na yaliyofuata ni mabaya zaidi. Mwaka 1988, mwaka wake wa mwisho chuoni, wakaenda kucheza kwa wale wale Arizona State. Kikundi cha mashabiki wakaanza kumzomea wakati anapasha moto, wakilitaja jina la PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, wakimwambia arudi Beirut, wakimtajia baba yake. Kijana alitetemeka, machozi yakamtoka, akakaa kwenye benchi. Mechi ilipoanza, kipindi cha kwanza katupa tatu sita, zote sita zikaingia.

Kisa hiki siwasimulii vijana wangu ili wajue namna ya kulipiza. Nawasimulia ili wajue kwamba mtu wa upande wa pili naye ana baba. Hapa Unguja nimesikia maneno yakitupwa kutoka pembeni ya uwanja, ya kabila, ya kisiwa, ya mama wa mtu. Kwenye mazoezi yangu anayefanya hivyo anakwenda nyumbani, awe mchezaji bora au asiwe.

MCHEZAJI WA ZAMANI (Ng'ambo)

Mwalimu, kabla hujaendelea. Nimecheza enzi zangu, magoti ndiyo yaliyonitoa. Huyu Kerr si aliumia goti pia?

MWALIMU WA KIKAPU

Aliumia, na vibaya. Mwaka 1986 mashindano ya dunia kule Uhispania, timu ya Marekani ya vijana wa vyuo, nusu fainali na Brazil. Kano ya goti ikakatika. Wenzake wakachukua dhahabu, yeye akarudi kukaa nje msimu mzima. Zama zile goti kama lile daktari anaweza kukwambia utafute kazi nyengine. Alikaa mwaka mzima ubavuni mwa makocha, akitazama. Hilo ndilo benchi lake la kwanza la kweli, na naamini ndiko alikoanza kuuona mchezo kwa macho ya mwalimu. Alivyorudi msimu wa 1987 na 1988 alikuwa anaingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake ya tatu, asilimia 57, jambo ambalo hata leo ukimwambia mtu anakutaka urudie. Timu ikafika nusu fainali ya taifa, na siku hiyo, siku kubwa kuliko zote, akakosa karibu kila kitu. Alitupa tatu 12, zikaingia mbili. Wakatolewa na Oklahoma.

Katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, alichukuliwa namba 50, raundi ya pili, na Phoenix. Wakamwuza Cleveland. Cleveland ikampeleka Orlando. Miaka mitano hiyo ni ya mtu asiyekuwa na hakika ya kesho. Lakini tazameni waliomfundisha humo njiani: Cotton Fitzsimmons, Lenny Wilkens, kisha Phil Jackson kule Chicago, kisha Gregg Popovich kule San Antonio. Mchezaji nyota anapokaa timu moja miaka kumi anaona mwalimu mmoja au wawili. Huyu kwa kuwa hakuwa nyota alizungushwa, na kila alikozungushwa alikuta skuli.

Chicago aliingia mwaka 1993, wakati Michael Jordan ameuacha mpira. Jordan akarudi 1995. Kwenye kambi ya msimu ule walishikana mazoezini. Jordan alikuwa anawasukuma wenziwe kwa maneno makali, Kerr akajibu, wakafika kugusana, na Jordan akampiga ngumi ya jicho. Fikiria, wewe ni mchezaji wa akiba na umepigwa na mtu ambaye dunia nzima inamwabudu. Baadaye Jordan akampigia simu kumwomba radhi, na Kerr anasema tangu siku hiyo wakaaminiana. Ngumi siitetei. Ila Kerr hakunyamaza alipoonewa, na baada ya hapo hakuweka kinyongo.

Sasa rudini kwa Stockton. Tarehe 13 Juni 1997, mechi ya sita ya fainali, Chicago na Utah, 86 kwa 86, sekunde zimebaki chache. Katika taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoyaita kocha, Jordan anamwambia Kerr kwamba Stockton atamwacha aje kumkaba yeye, ajiweke tayari. Kerr akajibu kuwa atakuwa tayari. Ikawa vile vile. Stockton, yule yule wa Gonzaga, akamwacha Kerr akamfuata Jordan. Pasi ikatoka, Kerr akatupa, ikaingia, 88 kwa 86. Mechi ikaisha 90 kwa 86 na ubingwa ukabaki Chicago. Miaka 14 baada ya kuambiwa hana kasi mbele ya mtu yule.

Kwa jumla ubingwa mara tano akiwa mchezaji: 1996, 1997 na 1998 na Chicago, 1999 na 2003 na San Antonio. Wastani wake wa maisha ni pointi 6 kwa mechi. Sita tu. Lakini asilimia yake ya mitupo ya tatu, 45.4, ndiyo ya juu kabisa katika historia ya ligi ile.

SHABIKI WA BOSTON (Mjini)

Mwalimu nakuheshimu, lakini unataka kutufundisha kwamba mchezaji wa benchi ndiye anayefaa ukocha. Mbona Bill Russell wa Boston Celtics? Ubingwa mara 11 katika misimu 13, mchezaji bora wa ligi mara tano, na mwaka 1966 Red Auerbach alivyoacha ukocha Russell akawa kocha huku anacheza. Mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu NBA. Akachukua ubingwa 1968 na 1969 akiwa anajifundisha mwenyewe. Huyo hakukaa benchi hata siku moja.

MWALIMU WA KIKAPU

Sheikh, hapo umenibana, na Russell ni mtu ambaye akitajwa nakaa vizuri. Umesema kweli. Lakini nikuongezee. Russell aliporudi kufundisha Seattle baadaye, 1973 mpaka 1977, na Sacramento 1987, ubingwa hakuupata tena. Boston alikuwa na Russell mchezaji. Kwengine kote hakuwa naye. Na Magic Johnson, mmoja wa watoa pasi bora waliopata kuzaliwa, alipewa Lakers mwaka 1994, mechi 16, akashinda 5 akapoteza 11, akaacha. Mtu ambaye jambo linamjia lenyewe huona tabu kumweleza asiyejaaliwa. Sisemi ni sheria. Wilkens alikuwa nyota na akawa kocha mkubwa pia, yumo katika jumba la heshima kwa yote mawili. Nasema tu kwamba aliyelazimika kujifunza kila kitu kwa akili huwa na njia ya kukipitisha kwa mwengine, kwa sababu yeye mwenyewe aliipita hatua kwa hatua.

SHABIKI WA BOSTON (Mjini)

Hapo sawa, nimekuelewa. Russell lakini muweke pahala pake.

MWALIMU WA KIKAPU

Pahala pake ni juu kabisa, kaka. Namba 6 yake imestaafishwa ligi nzima, hakuna timu itakayompa mchezaji mpya.

DADA WA MITUPO (Fuoni)

Mmesahau wanawake kabisa na mimi nimekaa nangoja. Becky Hammon. Mwaka 1999 alipomaliza chuo hakuna timu ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, iliyomchagua hata raundi ya mwisho, akaingia kwa kuomba kujaribiwa. Mfupi, futi tano na nusu. Mwaka 2013 akaumia goti akiwa San Antonio, na badala ya kukaa nyumbani akaomba kukaa kwenye mazoezi na vikao vya timu ya wanaume ya Popovich. Mwaka mmoja tu wa kutazama na kuuliza. 2014 Popovich akamwajiri kocha msaidizi. Tarehe 30 Desemba 2020 Popovich akatolewa uwanjani na mwamuzi, Hammon akashika timu, mwanamke wa kwanza kuongoza mechi ya NBA. Kisha akaenda Las Vegas Aces, ubingwa 2022 na 2023. Goti lile lile mnalolililia nyinyi ndilo lililomfungulia mlango.

Na niseme jengine. Sisi tunaocheza na hijabu, mpaka 2017 sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zilikuwa zinatukataza kufunika kichwa kwenye mashindano rasmi. Nilikuwa skuli ya sekondari, mazoezi nafanya yote, ikifika mechi yenye waamuzi wa nje nabaki pembeni na jezi yangu mpya. Sheria ilivyobadilishwa nilikuwa nishamaliza skuli. Sasa nafundisha wasichana, na kila ninachowafundisha nilikiona nikiwa nimekaa pale pembeni. Kwa hiyo mwalimu, mimi na wewe tuko pamoja, lakini usisahau kwamba kuna benchi ambalo mtu hukumweka wewe wala yeye hakulichagua.

MWALIMU WA KIKAPU

Dada, Allah akulipe kwa neno hilo. Sina la kuongeza juu yake. Nimelikopi nikaliweka kwenye daftari.

MPEMBA WA WETE

Mwalimu, kachezaje tunajua. Sasa kafundishaje? Maana huo ndio mwiba wa hoja yako.

MWALIMU WA KIKAPU

Haya. Kastaafu 2003. Kabla hajastaafu lakini alitoa zawadi moja ya mwisho. Nusu fainali na Dallas, mechi ya sita, San Antonio wako nyuma, Tony Parker mgonjwa wa tumbo, na Kerr, mzee wa miaka 37 ambaye mfululizo mzima alikuwa karibu hachezi, akanyanyuliwa. Akatupa tatu nne, zote zikaingia. San Antonio wakashinda, wakaenda fainali, wakachukua kombe. Mechi baada ya mechi kakaa na tracksuti na hakuna mtu aliyejua kama mkono bado upo. Yeye alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa akibaki kutupa kila siku baada ya wenziwe kwenda kuoga.

Baada ya hapo akatangaza mechi kwenye televisheni, akawa meneja mkuu wa Phoenix 2007 mpaka 2010, akarudi kutangaza. Na muda wote huo anaandika. Jeff Van Gundy, kocha wa zamani wa NBA, alimshauri kwamba kama anataka ukocha siku moja, aandike kila anachokiamini. Kwa hiyo mwaka 2014 Warriors walipomwita, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha hata msaidizi alikuja na kazi yake imeandikwa. Phil Jackson alikuwa anamtaka timu ya New York, kakataa, kaenda Oakland kwa Warriors.

Timu aliyoikuta haikuwa mbovu. Ilikuwa na Curry, aliyechaguliwa namba 7 mwaka 2009, mwaka ule ule kijana wetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa namba 2. Lakini mpira ulikuwa hautembei. Kwa idadi ya pasi walikuwa wa mwisho ligi nzima. Kerr akataka mpira uguswe na kila mkono kabla ya kutupwa. Nimejaribu hilo na vijana wangu. Mtoto aliyegusa mpira anakaba kwa moyo upande wa pili. Mtoto ambaye hajaugusa dakika tano anakaba kwa mikono tu. Wala halihitaji elimu kubwa, kaeni pembeni ya uwanja wowote wa mtaani mtaliona.

Kisha kuna Andre Iguodala. Alikuwa amecheza mechi 758 katika maisha yake na zote kaanza. Zote. Kerr akamwomba aanzie benchi ili Harrison Barnes, kijana, apate nafasi ya kukua. Nani mwengine angeweza kumwomba mtu mzima jambo hilo na akasikilizwa? Mtu ambaye kakaa huko miaka 15 na anajua pana nini. Iguodala akakubali, akakaa msimu mzima.

Fainali ya 2015 na Cleveland, Warriors wako nyuma mbili kwa moja. Usiku, kijana mmoja msaidizi aitwaye Nick U'Ren, kazi yake kubwa ni kutayarisha video, akapata fikra: mtoeni Andrew Bogut mrefu, muanzisheni Iguodala. Kerr akasikiliza. Asubuhi waandishi wakamwuliza kama atabadilisha kikosi, akawaficha, na baada ya mechi akakiri mbele yao kwamba alisema uongo. Hilo silipendi, nalisema. Lakini alipoulizwa fikra ni ya nani alimtaja kijana kwa jina lake mbele ya dunia nzima. Walishinda mechi tatu mfululizo, ubingwa wa kwanza kwa timu ile tangu 1975, na Iguodala, mtu wa benchi, akawa mchezaji bora wa fainali.

Sijui ni walimu wangapi hapa visiwani tungemtaja kijana wa video. Mie miaka mitatu nyuma kijana wangu mmoja aliniambia tubadilishe ukabaji, nikafanya, tukashinda, na watu waliponipa mkono nikaupokea peke yangu. Nilikuja kumwomba radhi mwaka jana. Alikuwa hajasahau.

MCHEZAJI WA ZAMANI (Ng'ambo)

Msimu uliofuata walishinda 73, wakapoteza 9. Lakini mechi 43 za mwanzo hakuwepo, alikuwa mgonjwa wa mgongo. Luke Walton ndiye aliyesimamia, 39 kwa 4. Na zimeandikwa kwa jina la Kerr!

MWALIMU WA KIKAPU

Ndivyo utaratibu wa ligi unavyosema, kocha mkuu ndiye anayeandikiwa. Yeye mwenyewe hajawahi kujifanya alikuwepo. Operesheni ya mgongo ilikwenda vibaya, maji ya uti wa mgongo yakavuja, akaishi na maumivu ya kichwa kwa muda mrefu. Mwaka 2017 pia akakosa sehemu ya mtoano, Mike Brown akashika. Na timu ikashinda vile vile, 16 kwa 1. Mie nalihesabu hilo katika sifa zake. Mwalimu akiondoka darasa likavunjika, alikuwa anajifundishia mwenyewe.

Ile 73 iliishia pabaya, lakini. Fainali wakaongoza 3 kwa 1 na Cleveland wakawapindua. Ubingwa ukaja tena 2017, 2018, na 2022. Katikati hapo, msimu wa 2019 na 2020, walishinda 15 wakapoteza 50, wa mwisho kabisa. Hakuna aliyemfukuza.

Ninayopenda kuliko yote ni ya Februari 2018, mechi na Phoenix. Aliona vijana wameacha kumsikiliza, sauti yake imewachosha. Akawapa ule ubao mdogo wa kuchorea mipango ya mchezo. Katika kila taimauti mchezaji anachora, Iguodala, Draymond Green, David West, na yeye kakaa nyuma. Wakashinda 129 kwa 83. Watu wengine walisema kawadharau Phoenix. Mie naona aliwaambia wachezaji wake: timu hii ni yenu.

DADA WA MITUPO (Fuoni)

Na Olimpiki ya Paris 2024, Kerr alipoifundisha timu ya Marekani? Jayson Tatum, nyota mzima wa Boston, kawekwa benchi mechi mbili na Serbia, hata dakika moja hakupewa. Shabiki wa Boston yuko kimya hapo.

SHABIKI WA BOSTON (Mjini)

Siko kimya, bado nina hasira. Mtu ametoka kuchukua ubingwa wa NBA mwezi mmoja nyuma. Kerr alikosea.

MWALIMU WA KIKAPU

Huenda alikosea, kaka, na mara ya kwanza yeye mwenyewe alisema anajiona mjinga kumwacha mtu kama yule nje. Walichukua dhahabu, 98 kwa 87 dhidi ya Ufaransa, lakini nusu fainali na Serbia walikuwa nyuma pointi 17 wakati mmoja na nilikuwa nimeshika kichwa. Hata hivyo Tatum hakununa hadharani. Hilo ni lake, si la Kerr.

Na kwa kuwa tuko Paris, tusiwasahau majirani zetu Sudan Kusini. Nchi wenzetu wa Afrika Mashariki. Wachezaji wao walikuwa wakisema wazi kwamba nyumbani hawana hata ukumbi mmoja wa ndani. Luol Deng, aliyecheza NBA, akaongoza shirikisho; Royal Ivey, naye mchezaji wa NBA wa zamani ambaye miaka yake mingi aliingia akitokea benchi, akawa kocha. Mechi ya kirafiki London waliipoteza kwa Marekani ya Kerr kwa pointi moja, 101 kwa 100. Paris wakawafunga Puerto Rico 90 kwa 79. Nilitazama ile ya London na vijana wangu kwenye simu moja, watu kumi na mbili, na hakuna aliyeondoka mpaka kipenga cha mwisho.

MPEMBA WA WETE

Sasa yule mama umemjibu?

MWALIMU WA KIKAPU

Nimechelewa kurudi humu, samahanini. Jumamosi tulikuwa na mechi. Robo ya tatu, tuko nyuma, nikaita taimauti, nikampa yule kijana chaki. Uwanja wetu ni saruji, tunachora chini. Wenziwe wakanitazama mie, sio yeye. Akachuchumaa, akachora mviringo mmoja, akasema kwa sauti ndogo: "Yule mrefu wao akibanwa upande wa kushoto harudi kutupa. Kila mara anairudisha kwa namba saba bila kutazama. Nimehesabu mara sita." Mie nilikuwa nimesimama hapo hapo robo tatu nzima na sikuiona.

Tukapora pasi ile mara tatu mfululizo. Tukapoteza kwa pointi nne.

Mama yake alikuwa ukutani, kavaa baibui, kakaa mpaka mwisho. Nikamwendea nikiwa na maneno yangu yote haya ya Kerr tayari mdomoni. Hakuniuliza kama mwanawe atacheza Jumamosi ijayo. Aliniuliza: "Mwalimu, hivyo viatu vya kikapu vinapatikana wapi, na vinakuwaje vinavyofaa?"

Kwa hiyo naomba msaada humu. Kijana anavaa 41. Darajani nimezunguka mitumba siku mbili, nimekuta vya kukimbilia tu, vya kifundo cha juu hakuna. Mwenye kujua pahala aniambie.

MPEMBA WA WETE

Mwanangu anazo jozi mbili na moja haivai, 41 hiyo hiyo, soli nzima. Nazitoa kesho Mkoani kwa boti. Nitumie jina la wa kuzipokea bandarini.